Kizibo Kilichokaa Upande

Dada yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi, na habari za kazi? Kifua chako kinaendeleaje? Shangazi alituambia kwamba mvuke wa pasi kule dobi unakukereketa koo, na kwamba ukikohoa unageukia ukutani ili msimamizi asikuone. Naomba sana barua hii ikukute umepata nafuu, na ikukute siku ya mapumziko, umekaa chini, kwa sababu ni ndefu.

Sisi huku hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kwa kusimama, lakini anasuka kama kawaida. Kile kiti chenye mguu mfupi bado kipo, na bado tunakiwekea kipande cha ndala chini. Kioo kikubwa kimepata ufa kwenye kona. Mteja mmoja amesema afadhali, sasa akijiona amenenepa atausingizia ufa.

Barua zangu tatu zilizopita hukuzijibu, na sikulaumu. Nilikuandikia habari za mvua na za paka wa jirani, kana kwamba uliondoka hapa kwenda matembezi. Hii si ya paka. Leo ni siku ya shule, na ninaiandika saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa saluni kwa mama. Kwa nini siko darasani, utaelewa ukifika mbele. Nakuomba usiikunje kabla hujafika.

Yule mwalimu wa hisabati aliyekuwa akitushikia kemia wakati wako amerudi kwenye hesabu zake, na tumeletewa mwalimu wa kemia hasa. Ni mtu mfupi, suruali ameipandisha mpaka mbavuni, na wanafunzi wamembatiza jina la Kwa Nani. Jina lenyewe kalitafuta kwa mdomo wake. Kila ukimtajia molekuli anakuuliza hidrojeni inakaa kwa nani. Ukimjibu kwamba imo humo humo, anakwambia humo si anwani, posta hawafiki.

Muhula uliopita alitufundisha nguvu zinazozivuta molekuli kwa majirani zake. Wewe unayajua haya, lakini niache niyaandike, maana bila hayo sina njia ya kukueleza yaliyobaki. Kwanza alitukataza kusema kwamba maji yakichemka molekuli zake zinavunjika. Alisema hazivunjiki, zinaachana tu, kila moja inaondoka nzima kama ilivyokuwa. Kinachoshindwa na moto ni ule mvuto wa mmoja kwa jirani yake. Halafu akatupa maswali ya kuuliza kwa mpangilio. Hidrojeni inakaa kwa nani? Ikiwa inakaa kwa oksijeni, kwa naitrojeni au kwa florini, hapo kuna kifungo cha hidrojeni, na molekuli hizo zinashikana kwelikweli. Ikiwa haikai kwa hao watatu, uliza kama molekuli ina ncha mbili, yaani mwisho mmoja hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Hizo nazo zinavutana, ila si sana. Na kama haina hata ncha, umebaki na ule mvuto mdogo wa kupita, ambao kila molekuli inao, hata ile ambayo haina kitu kingine.

Akatupa jaribio. Aliandika molekuli sita ubaoni akasema tutaje nguvu za kila moja. Maji na amonia hazikunipa shida. Methani nikaandika kwamba haina ncha, kwani hidrojeni nne zimeizunguka kaboni sawasawa. Kabonidioksidi ilitaka kunikamata, lakini nikakumbuka kwamba oksijeni ziko mbili, kila moja upande wake, zinavuta kwa nguvu sawa na katikati hakusogei. Hidrojeni kloridi ina ncha. Ya sita ilikuwa asetoni. Nikaiangalia fomula, nikaona oksijeni imo, hidrojeni zimo sita, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: vifungo vya hidrojeni.

Karatasi ilirudi na duara jekundu hapo. Kwa Nani aliniita mbele akanichorea. Hidrojeni zote sita zinakaa kwa kaboni. Oksijeni imekaa peke yake, haina hidrojeni hata moja nyumbani kwake. Akasema nimewafungisha ndoa watu wanaoishi mitaa tofauti, na darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Kisha, huku akifuta ubao, akasema neno moja la kupitia tu. Alisema kama asetoni ingekuwa inashikana namna nilivyoandika, asingekuwa na kazi ya kutukumbusha kila siku kuiziba chupa yake. Ukiiacha bila kuziba vizuri, alisema, utarudi ukute imejiendea zake.

Dada, sikusikia tena alichosema baada ya hapo. Nilirudi kwenye dawati nikakaa, na jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Siku ya mkasa wako unaijua kuliko mimi, lakini kuna kipande chake hukijui, kwa hiyo nitaipitia. Ulikuwa kidato cha nne, kiranja wa maabara, na mimi ndiyo kwanza nimeingia kidato cha kwanza. Siku ya kufunga shule ulichora mistari yako kama ilivyo desturi pale: kila chupa, mstari wa kalamu kwenye lebo, usawa ule ule wa kilichomo ndani, na tarehe pembeni. Shule ilipofunguliwa, Mzee wa Funguo, mtunza maabara, alizipitia chupa moja moja. Spiriti ilikuwa palepale kwenye mstari. Asetoni, iliyokuwa imekaa jirani yake, ilikuwa imeshuka vidole vinne. Ufunguo wa maabara walikuwa nao watu wawili, yeye na wewe. Na kwa kuwa mama yetu ana saluni, na saluni watu huondolewa rangi ya kucha kwa asetoni, hakuna aliyeona haja ya kufikiri zaidi.

Mwalimu mkuu alikuuliza mbele ya walimu wote nani mwingine aliingia maabara siku ile ya kufunga. Ukasema hakuna, ulikuwa peke yako. Mimi nilikuwa kwenye korido na ndoo ya kupigia deki, dirisha liko wazi, na nilisikia.

Ulifukuzwa miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho. Hukuwa hapa kuona yaliyofuata, basi nikwambie. Wateja walimtania mama kwa kumuuliza kama dawa ya kucha anayowapaka ni ya dukani au ya shule. Walikuwa wakicheka, na mama alikuwa akicheka nao, kisha wakitoka ananawa mikono hata kama haina kitu. Baada ya wiki mbili aliacha kabisa kazi ya kucha. Ile meza ndogo aliigeuza ya kuwekea mataulo. Aliamini, Dada. Hakusema, lakini aliamini, na ndiyo maana hakutoka nje siku uliyoondoka.

Basi baada ya lile jaribio nilimfuata Kwa Nani nikamwomba ruhusa ya kufanya uchunguzi wangu. Hakuniuliza sababu, alifurahi tu. Nilichukua chupa tatu zinazofanana, zile zenye vizibo vya kioo. Moja nikaitia maji, moja spiriti, moja asetoni, zote usawa mmoja. Nikachora mistari, nikaandika tarehe, nikaviegesha vizibo juu, vimekaa upande, bila kuvikandamiza wala kuvizungusha. Nikaziweka rafu ile ile ya karibu na dirisha, chini ya lile bati la paa linalochomwa na jua, shule ikafungwa kwa likizo ndefu.

Likizo nzima sikuwa na raha. Mama alidhani ni mambo ya kukua.

Tulipofungua nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Maji yalikuwa yameshuka kama unene wa kucha. Spiriti ilikuwa imeshuka kidole kimoja. Asetoni ilikuwa imeshuka vidole vinne na kitu. Kwa Nani alisimama nyuma yangu, akasema naona sasa nani anakaa kwa nani. Kwenye maji, oksijeni ina hidrojeni mbili nyumbani, ndiyo maana yanashikana vile. Spiriti oksijeni yake inayo moja. Asetoni haina hata hiyo moja, kwa hiyo haina kikubwa cha kuizuia ndani ya chupa. Alikuwa akieleza vizuri, na mimi nilikuwa nalia, na yeye akadhani ni furaha ya uchunguzi kufaulu.

Mzee wa Funguo alikuwa anafagia. Akaacha kufagia, akaja kuiangalia ile chupa kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba hata kile kizibo cha siku ile kilikaa hivyo hivyo, upande. Nikamuuliza siku ipi. Akasema siku ya dada yako. Alikikuta kimeegama asubuhi ile, akakinyoosha mwenyewe kabla hajawaita walimu, kwa sababu aliogopa kuulizwa kwa nini hakukagua rafu kabla ya kufunga shule. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba walimuuliza habari za chupa, hawakumuuliza habari za kizibo.

Miaka miwili, Dada. Anayabeba hayo pamoja na zile funguo, na kila asubuhi ananisalimu kwa furaha, anauliza mama hajambo. Nilitaka kumchukia, na siku hiyo nilimchukia. Lakini sikuweza kuendelea, kwa sababu alikinyoosha tu. Hakukiegesha yeye.

Nilikiegesha mimi.

Siku ile ya kufunga nilikuja maabara kukusaidia kubeba begi. Ulikuwa umekwenda ofisini kurudisha daftari, mlango uko wazi. Asubuhi yake nilikuwa nimejaribu rangi nyekundu ya mama kwenye kidole kidogo, kidole kimoja tu, nikasahau kuitoa, na pale getini alisimama mwalimu wa zamu anakagua kucha. Nikaiona chupa. Harufu yake naijua tangu nilipokuwa mtoto wa kutambaa chini ya meza ya mama. Nilikichomoa kizibo, nikalowesha ncha ya kitambaa changu, nikasugua. Nikasikia viatu vyako kwenye korido. Nikakirudisha kizibo haraka, nikakiweka juu tu. Vile vya kioo vinataka ukandamize na kuzungusha, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Uliingia, ukapitisha macho kwenye rafu kutoka mlangoni, ukasema twende tumechelewa. Ukafunga. Njia nzima nilikuwa nimekikunja kitambaa mkononi, na najua uliisikia harufu.

Vidole vinne vilipopotea, nilijiambia kwamba ncha ya kitambaa haiwezi kuwa vidole vinne. Hiyo ilikuwa kweli, na nikaishikilia kwa sababu ilinifaa. Kama si mimi, basi kuna mtu mwingine, na wenye funguo walikuwa wawili. Nilipokusikia kupitia dirishani ukisema ulikuwa peke yako, ningeweza kuingia na ile ndoo yangu nikasema hapana, na mimi nilikuwemo. Ilikuwa hatua tano. Nilikwenda kumwaga maji machafu.

Halafu siku uliyoondoka. Mama yuko ndani, mimi nimekubebea begi mpaka stendi. Unakumbuka uliponiambia, kabla hujapanda, kwamba ile iliyobaki niimwage, mama asiione? Nilidhani unaniambia ulikoificha na kwamba aibu imekushika. Nikarudi nyumbani nikatafuta chini ya kitanda chako, nyuma ya pipa la maji, ndani ya sanduku la nguo za zamani. Nilitafuta siku tatu ili niimwage kwa ajili yako, na sikuiona, nikasema umeshaiuza. Kumbe ulikuwa unasema na mwizi wako. Ulikuwa unanisihi mimi niimwage yangu.

Nimeyaelewa haya mwezi huu tu, nikiwa nimesimama mbele ya chupa tatu. Wewe ulinidhania mwizi, ukanificha. Mimi nilikudhania mwizi, nikakuacha uende. Na mwizi hakuwepo. Ilikuwa ni asetoni tu, inafanya ilivyoumbwa kufanya.

Kesho ya siku ile ya chupa tatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu pamoja na Kwa Nani na zile chupa kwenye trei. Mwalimu mkuu alizitazama akauliza kama nimekuja kumfundisha kazi. Kwa Nani alimweleza kwa adabu nyingi. Mwalimu mkuu akasema chupa haziwezi kumtaja mtu, na kwamba jambo la miaka miwili limeshalala. Ndipo nikasema kizibo nilikiacha upande mimi. Akavua miwani. Akaniambia kwamba mimi sasa ni kiranja wa maabara, nimo kwenye timu ya sayansi ya shule, na nifikirie vizuri kabla sijaharibu faili safi kwa ajili ya faili lililokwisha chafuka. Alisema kwa upole, kama anayenihurumia. Nikaomba karatasi, nikaandika, nikatia sahihi.

Beji nimeirudisha. Timu itakwenda bila mimi. Nimesimamishwa mpaka mwisho wa muhula, na ndiyo maana nakuandikia saa za darasa. Sikuandikii hayo ili unihurumie. Wewe ulipoteza zaidi, na hukuwa umefanya lolote.

Kwa Nani hakutoka ofisini mle mpaka ikaandikwa barua ya kukusafisha. Nimeiambatanisha hapa. Ina mistari mitatu. Inasema imebainika kwamba upungufu ule ulitokana na uzembe wa mwanafunzi mwingine, na kwamba jina lako limeondolewa kwenye kosa hilo. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta samahani. Haimo. Haimo hata pole. Lakini muhuri umo, na Kwa Nani anasema muhuri huo unatosha wewe kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwisho wa kuandikisha ni siku ya mwisho ya mwezi huu. Anasema atakufungulia maabara kila Jumamosi mpaka mtihani, na amesema mtu aliyechora mistari iliyonyooka vile hatapata shida.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo. Alikuwa anamwosha mteja nywele. Hakuacha kazi, alimsuuza mpaka povu likaisha, akamfunga taulo, akaingia chumba cha nyuma akakaa huko mpaka yule mteja akaanza kuita. Hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Alipotoka aliniuliza jambo moja tu, kama kwa shangazi mnakula vizuri. Tangu hapo haongei nami ila kuhusu wateja. Lakini jana asubuhi nilimkuta ameyaondoa mataulo kwenye ile meza ndogo. Hajaweka rangi wala chochote juu yake. Ameifuta tu, ikabaki tupu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikwambie mkono wake bado mzito, ataandika mwenyewe ukipata wepesi.

Ndani ya bahasha utakuta vitu vitatu. Barua yenye muhuri. Fomu ya kujiandikisha, ambayo nimeijaza kwa penseli pale ninapopajua, ili uweze kufuta nilipokosea. Na kipande cha karatasi kilichokunjamana: ni lebo ya chupa ile. Mzee wa Funguo aliibandua kwa maji ya moto akanipa. Mwandiko ni wako, tarehe ni yako, na mstari ndio ule ule. Ulikuwa mahali pake, Dada. Tangu mwanzo ulikuwa mahali pake.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, maana naona ni kukuongezea kazi. Nimewaza sana kuhusu yale maneno ya kwamba hazivunjiki, zinaachana tu. Sijui kama yanafaa kwa watu. Najua tu kwamba mvuke ukikutana na kitu baridi hurudi ukawa maji yale yale, na wewe unafanya kazi ndani ya mvuke kila siku, utajua kuliko mimi.

Msalimie shangazi, mwambie dawa ya miguu aliyotuma imefika. Wasalimie wenzako wa kwenye pasi. Kunywa maji ya vuguvugu kwa ajili ya koo, na ukohoe unapotaka kukohoa.

Usiponijibu mimi nitaelewa. Lakini fomu ijibu.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyesema hakuwepo.